Makaa Yaliyokolea na Ukingo wa Sufuria

Usiku, jiko la mkaa likishakolea, zima taa. Sufuria uliyoisugua kwa majivu mchana inatoweka gizani, ila ukingo wake unaoelekea jiko unabaki na mstari mwembamba mwekundu. Makaa yenyewe yanaonekana yote. Kwa Kiingereza, wekundu wa makaa ni “glow”, na ule mstari wa ukingoni ni “gleam”. Makaa yanatoa, sufuria imeazima.

Wengi wetu huyatafsiri maneno yote mawili kwa “kung’aa”, na hapo picha inaharibika. Nikisoma kwamba makaa yaling’aa, naona makaa yaliyopakwa mafuta! “Glow” ni mwanga mtulivu utokao ndani ya kitu, usio na ndimi za moto, na mara nyingi huandamana na joto. Mwaka 1847, John William Draper, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha kuwa vitu vigumu vikipashwa moto huanza kutoa wekundu hafifu joto likifika nyuzi 525 hivi za Selsiasi. Kimulimuli naye ana “glow”, ingawa ukimshika hakuunguzi: mwanga wake hutokana na kemikali tumboni mwake inapokutana na oksijeni.

“Gleam” huhitaji uso laini na mwanga wa kuazima: kiatu kilichopigwa kiwi, sakafu iliyotoka kupigwa deki. Huitwa hivyo pia mwali mdogo wa taa ya mbali, lakini makazi yake hasa ni kwenye vitu vilivyosuguliwa.

Fizikia peke yake haitoshi kuamua. Mwezi hauna mwanga wake. Hurudisha asilimia 12 hivi tu ya mwanga wa jua unaoufikia. Hata hivyo Waingereza husema mwezi una “glow”, maana machoni pao, kama machoni petu, unaonekana kujiwakia wenyewe. Ndivyo ilivyo kwa ngozi. Matangazo ya losheni huahidi “glow”, yaani afya inayojitokeza kutoka ndani. Ngozi yenye “gleam” ni ile iliyolowa jasho au iliyojaa mafuta.

Nasi maneno tunayo. Makaa hukolea. Sakafu humeremeta. Na uso wa mtu aliyepona baada ya kuugua muda mrefu hunawiri, neno ambalo ni ndugu wa nuru.