Bibi, Mjukuu na Ahadi ya Skauti

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni ufuta, korosho na muhogo. Mambo ya skauti si kazi yangu. Lakini nilikwenda Mitole, wilaya ya Kilwa, kutazama ufuta, nikakuta ugomvi juu ya skauti. Nimeona niuandike, maana huenda na kwenu upo.

Nilifika nyumbani kwa bibi mmoja. Sitamtaja jina. Ufuta wake ulikuwa umekwisha kukatwa, na mafungu yamesimamishwa uwanjani yakauke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini leo usiniambie habari za ufuta. Niambie, skauti ni dini gani?"

Mjukuu wake, mvulana wa miaka 12 hivi, alikuwa amekaa kizingitini, ameinamisha kichwa. Shuleni walikuwa wanaandikisha watoto wa skauti. Yeye alitaka kuingia. Bibi alikuwa amekataa.

Nyumba ile si ya msikitini wala ya kanisani. Bibi anafuata desturi ya wazee wake. Mvua ikichelewa, au mtoto akiugua sana, humwaga unga chini ya mti na kuwataja wazee wake waliokufa, mmoja mmoja kwa jina. Huku Kilwa Waislamu ndio wengi. Wakristo ni wachache. Watu kama bibi ni wachache zaidi. Au tuseme, wanaosema wazi ndio wachache. Wapo wanaoswali swala zote tano, na tambiko hawajaliacha.

"Nimeambiwa mtoto ataapishwa," bibi alisema. "Ataapa kwa Mungu wa nani? Kwetu kiapo si mchezo. Ukiapa, ukavunja, unakufa wewe au anakufa nduguyo."

Ahadi si kiapo

Nilimweleza bibi kama ninavyokueleza wewe, msomaji. Mtoto wa skauti haapi. Anaahidi. Anaahidi kwamba atajitahidi katika mambo matatu. La kwanza ni wajibu wake kwa Mungu na kwa nchi yake. La pili ni kuwasaidia watu. La tatu ni kufuata kanuni za skauti. Neno kubwa hapo ni kujitahidi. Mtoto akianguka, anainuka na kujitahidi tena. Hakuna anayekufa.

"Na huyo Mungu?" bibi aliuliza.

"Wewe unamwitaje?"

"Nnungu."

Wamwera na Wamakonde humwita hivyo. Nilimwuliza kama wazee anaowamwagia unga ndio Nnungu. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Wazee wangu ni wazee wangu," alisema. "Wanapeleka maneno tu. Mvua si yao."

Basi, nilimwambia, mjukuu wako ana Mungu wa kumtaja. Ahadi haikusema amtaje kwa Kiarabu, wala kwa Kiingereza.

Jambo la pili lilikuwa mkono wa kushoto. Mvulana alikuwa amejifunza kwa wenzake salamu ya skauti, akampa bibi yake mkono wa kushoto. Ninyi mnaotoka pwani mnajua maana yake. Huo ni mkono wa chooni. Bibi alikaa siku mbili hasemi naye.

Inasimuliwa kwamba Baden-Powell, aliyeanzisha skauti, aliupata mkono huo kwa Waashanti, watu wa nchi ambayo sasa ni Ghana. Shujaa hushika ngao kwa mkono wa kushoto. Akikupa mkono huo, ameweka ngao chini. Maana yake anakuamini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," alisema. "Akija kwangu anipe wa kulia. Mimi sina ngao."

Skauti ilitoka wapi

Mwaka 1907 Robert Baden-Powell, mwanajeshi wa Uingereza, aliwachukua wavulana 20 hivi akaenda nao kisiwa cha Brownsea. Wengine walikuwa watoto wa matajiri. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Walilala katika mahema, wakapika wenyewe, wakajifunza kufunga kamba na kufuata nyayo. Mambo hayo yalienea upesi. Skauti ilifika Zanzibar mwaka 1912, na bara mwaka 1917. Wasichana nao walipata chama chao, Girl Guides, ambacho kilianza Uingereza mwaka 1910. Baden-Powell alikufa Nyeri, Kenya, tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko huko huko.

Basi kadiri skauti ilivyoenea duniani, ilikutana na dini nyingi. Mwaka 1924 viongozi wa skauti wa nchi nyingi walikutana Copenhagen, Denmark. Waliamua jambo ambalo viongozi wengi wa vijijini hawajalisikia. Waliamua kwamba kila skauti ashike dini yake kwa moyo. Na watoto wa dini mbalimbali wakiwa pamoja, ni marufuku mtu kutumia nafasi hiyo kuwavutia katika dini yake. Soma tena, msomaji. Ni marufuku.

Usiku mmoja kambini

Sasa nitasema jambo langu mwenyewe. Bibi sikumwambia.

Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa skauti. Shule sitaitaja. Tulikwenda kambi ya siku tatu. Usiku wa kwanza kiongozi alisema ni saa ya kusali. Waislamu huku, Wakristo kule. Tukagawanyika. Mtoto mmoja akabaki peke yake karibu na moto. Kwao walikuwa watu wa tambiko, kama bibi huyu.

Kiongozi akamwuliza, "Wewe mpagani, utasali na nani?"

Sote tulicheka. Na mimi nilicheka.

Asubuhi yule mtoto aliikunja skafu yake vizuri, akaiweka juu ya jiwe, akaenda kwao kwa miguu. Hakurudi tena katika skauti. Yeye ndiye aliyekuwa anajua kuwasha moto kuliko sisi sote, hata kwa kuni mbichi. Usiku wa pili tulikula ugali usioiva.

Mimi sasa nina miaka zaidi ya 40. Bado naiona ile skafu.

Neno "mpagani" huku kwetu ni tusi. Hakuna mtu anayejiita hivyo. Lakini huko Marekani wapo watu wanaofuata dini za kale, za kuheshimu ardhi, jua na mwezi, na wao wenyewe wanajiita Wapagani bila aibu. Watoto wao walikuwa wachache katika kila shule. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika jimbo la Washington, wazazi wa namna hiyo walianzisha kikundi chao kinachofanana na skauti. Kinaitwa SpiralScouts. Wavulana na wasichana wako pamoja. Baadaye kilifungua mlango kwa watoto wa dini yoyote.

Mimi sioni kwamba Mitole tuanzishe kikundi cha watoto wa tambiko peke yao. Kijiji ni kimoja, na kisima ni kimoja. Heri tuufungue mlango uliopo. Waingereza wamefanya hivyo. Kwao skauti Mwislamu anaweza kumtaja Allah katika ahadi yake. Mhindu anaweza kutaja Dharma, yaani njia ya wajibu ya dini yake. Tangu Januari 2014 hata mtoto asiye na dini ana maneno yake ya kuahidi. Skauti haikufa.

Na sisi hapa tunayo sheria. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya dini yake au mila ya kwao. Kwa hiyo kiongozi anayemweka mtoto kando amekosea nchi yake, ambayo ameahidi kuitumikia.

Mwalimu anakuja

Jioni tulimwita mwalimu wa skauti. Ni kijana mpole. Alimwamkia bibi, akakaa kwenye mkeka. Bibi alimwuliza maswali kwa muda mrefu kuliko mkutano wa kijiji.

Walikubaliana hivi. Wakati wa kusali kambini, watoto wote watasimama pamoja katika duara, kimya, na kila mmoja atamwomba Mungu wake moyoni. Anayetaka kuswali swala yake au kusali sala yake atapewa nafasi, na hakuna atakayeulizwa kwa nini hakwenda. Nyama ya kambini atachinja Mwislamu, ili kila mtoto ale. Siku ya tambiko la nyumbani, mvulana ataruhusiwa kama anavyoruhusiwa mtoto wa Idi au wa Krismasi.

Mwalimu alitaka kuandika hayo. Bibi alisema yeye hajui kusoma, lakini andika, mjukuu wangu atanisomea. Yule mvulana aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika "kila mmoja atamwomba Mungu wake", bibi alimwambia rudia. Akarudia.

"Na skafu ni shilingi ngapi?" bibi aliuliza.

Mwalimu alitaja bei. Bibi alisema mpaka ufuta uuzwe. Mwalimu alisema mtoto aje tu, skafu itafuata. Hapo nilimkumbusha bibi habari za ufuta, kwamba akiukung'uta atandike turubai, mchanga usichanganyike na mbegu, ili mnadani asipate bei ndogo. Alisema anajua hayo tangu mimi sijazaliwa.

Nilipokuwa naaga, mvulana alileta kamba amwonyeshe mwalimu mafundo aliyojifunza. Alifunga moja, likafunguka. Bibi akamnyang'anya kamba. Akafunga fundo la kufungia mbuzi, lile ambalo mbuzi akilivuta halimkabi wala halifunguki. Mwalimu akalivuta, likakaza. Akamwomba bibi alifungue na kulifunga tena, polepole. Nilipofika njiani niligeuka. Walikuwa bado wameinama watatu juu ya ile kamba.