Maiki Nne kwa Bendi ya Rock Nyumbani

Bendi changa ikichanga fedha za kurekodi nyumbani, mara nyingi jicho huangukia maiki kubwa ya kondensa, kwa kuwa ndiyo inayoonekana katika picha za studio. Ushauri wangu ni kuanza na dainamiki, kisha kununua kila maiki kwa kuhesabu kazi inazoweza kufanya.

Tofauti iko ndani. Kondensa ina utando mwembamba sana unaofuata hata mtikisiko mdogo wa hewa, na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa cha kurekodia. Dainamiki ina utando uliogundishwa kwenye koili ya waya ndani ya sumaku. Sauti ikiusukuma, koili huzalisha umeme yenyewe. Hainasi milio ya juu kwa undani uleule, lakini huvumilia kelele kali na misukosuko.

Wengi husema dainamiki haisikii mwangwi wa chumba. Si kweli kabisa. Kinachozima mwangwi ni umbali. Weka dainamiki sentimita chache kutoka kwenye spika ya gitaa, na sauti ya gitaa itaufunika mwangwi wa kuta tupu na sakafu ya vigae. Ukiirudisha nyuma mita moja, chumba kitasikika vilevile.

Ya kwanza kununua ni Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965 na kwa miaka mingi ikauzwa kwa takriban dola 100 nchini Marekani. Hufaa spika ya gitaa, sneya, ngoma nyingine na hata sauti ya mwimbaji, mradi uweke kichujio cha pumzi. Mbele ya spika, ielekeze katikati upate mlio mkali. Isogeze kuelekea ukingoni upate mlio mzito zaidi. Jaribu hivyo kabla ya kugusa vitufe vya amplifaya. Ndugu yake SM58 hutofautiana nayo hasa kwa kichwa chake cha wavu, kinachomfaa mwimbaji.

Anayeona dainamiki ni ya jukwaani tu akumbuke kwamba fundi Bruce Swedien alitumia dainamiki, Shure SM7, kunasa sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982.

Kwa bendi nzima, nunua SM57 mbili, dainamiki moja ya ngoma kubwa ya mguu kama AKG D112, na kondensa moja ya bei nafuu kama Audio-Technica AT2020. Hakikisha kifaa chako cha kurekodia kina njia nne za maiki. Gitaa la besi lisikugharimu maiki: lichomeke moja kwa moja kwenye tundu la ala.

Rekodi ngoma kwanza, kwa maiki zote nne: D112 kwenye ngoma ya mguu, SM57 moja kwenye sneya, kondensa juu ya mpigaji, na SM57 ya pili pembeni, upande wa ngoma ya sakafuni. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila sehemu ya elfu ya sekunde. Ikiwa kondensa na ile SM57 ya pembeni zinapishana kwa umbali huo kutoka kwenye sneya, na ukazichanganya kwa nguvu sawa, mawimbi ya hezi 500 hukutana yakipingana na kufutana, na sneya hubaki nyembamba. Fundi Mwingereza Glyn Johns, aliyerekodi Led Zeppelin, alijulikana kwa kuweka maiki mbili za aina hiyo umbali sawa kutoka kwenye sneya. Kamba tu inatosha kupimia.

Baada ya ngoma, maiki zilezile zihamie kwenye magitaa, kisha kwa mwimbaji, kila ala kwa zamu yake.

Jihadhari na bidhaa bandia. Shure yenyewe imewahi kuwaonya wateja. Nunua kwa wakala anayetoa risiti na dhamana. Fedha zikitosha SM57 moja tu, inunue, urekodi magitaa na sauti, na ngoma zingoje hadi nyingine tatu zipatikane.