Aksioni: Je, ndiyo chembe inayozishika galaksi zisitawanyike?

UKITAZAMA juu usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mjini, utauona ukanda mweupe uliokatiza anga. Huo ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota uitwao Njia Nyeupe, galaksi ambamo jua letu ni nyota moja tu. Hata hivyo, wataalamu wa fizikia wanasema kwamba vyote ving'aavyo humo ni sehemu ndogo ya kilichomo. Sehemu kubwa haionekani, na hadi leo hakuna ajuaye imeumbwa kwa kitu gani.

Kitu hicho huitwa maada ya giza. Miongoni mwa majibu yanayopendekezwa ni chembe ndogo mno iitwayo aksioni, ambayo imesakwa kwa miongo kadhaa bila kupatikana.

Je, wataalamu walijuaje kwamba kipo kitu wasichokiona?

Jibu limo katika mwendo. Sayari ya Utaridi, iliyo karibu zaidi na jua, husafiri kilomita 47 hivi kwa sekunde, ilhali Neptuni, iliyo mbali, huenda kilomita tano na ushei tu. Sababu ni kwamba nguvu ya mvutano wa jua hufifia kadiri umbali unavyozidi.

Kwa kuwa nyota nyingi za galaksi zimerundikana katikati, ilitarajiwa kwamba zile za pembezoni zingejikokota vivyo hivyo. Lakini mwaka 1970, Wamarekani Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya galaksi jirani ya Andromeda vilivyoonyesha kwamba mwendo wa pembezoni haupungui kama ilivyotazamiwa. Baadaye galaksi nyingine nyingi zilionekana kuwa na tabia iyo hiyo.

Kwa kasi hiyo, nyota zilipaswa kuchopoka kama mawe yaliyotupwa kwa kombeo. Hazichopoki, basi sharti pawepo uzito wa ziada unaozishika. Pafukapo moshi pana moto.

Rubin hakuwa wa kwanza kushuku. Mnamo 1933, Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, aliona kwamba galaksi katika kundi la Coma zinakwenda kasi mno kuweza kuzuiliwa na uzito wa nyota pekee.

Pwani ya Kenya nayo ina nafasi katika kisa hiki. Desemba 12, 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa nchi, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilibaini kwamba makundi ya galaksi, likiwemo la Coma, hutoa eksirei kwa wingi. Ilikuja kufahamika kuwa chanzo chake ni gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya namna hiyo ingekwisha kutoroka zamani lau ingeshikwa na uzito unaoonekana peke yake.

Vipimo vya setilaiti ya Planck ya bara Ulaya, ambavyo matokeo yake ya mwisho yalitolewa 2018, vinaonyesha kwamba maada ya giza ni takriban mara tano ya maada ya kawaida. Yaani milima, bahari, miili yetu na nyota zote ni kama fungu moja kati ya mafungu sita.

Aksioni inaingiaje hapa? Ajabu ni kwamba haikubuniwa kwa ajili ya galaksi. Mwaka 1977, Roberto Peccei na Helen Quinn walikuwa wakitafuta jibu la fumbo la neutroni, chembe iliyomo ndani ya atomu. Neutroni ina chaji chanya na hasi ndani yake, na kanuni za fizikia zinaruhusu chaji hizo zielemee pande tofauti. Vipimo havijaona mwelemeo wowote. Wawili hao walipendekeza kanuni mpya ya kueleza usawa huo.

Mwaka uliofuata, Steven Weinberg na Frank Wilczek, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba kanuni hiyo ikiwa ya kweli, sharti iwepo chembe mpya. Wilczek aliipa jina la sabuni ya kufulia iliyouzwa Marekani, kwa kuwa ilitakasa doa katika nadharia.

Majaribio yaliikanusha chembe hiyo kama ilivyodhaniwa mwanzoni. Lakini mwaka 1983 watafiti walieleza kwamba aksioni nyepesi zaidi zingeweza kuzalishwa kwa wingi ulimwengu ulipoanza, zikabaki hadi leo. Hazingetoa mwanga wala kugusana na vitu vingine ila kwa nadra mno. Hizo ndizo sifa za maada ya giza.

Mwaka huo huo Pierre Sikivie wa Chuo Kikuu cha Florida alipendekeza njia ya kuzinasa. Ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi, alisema, aksioni inaweza kugeuka wimbi la redio.

Jaribio mashuhuri la aina hiyo, ADMX, linaendeshwa katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Chombo chake ni mfano wa pipa, kimewekwa ndani ya sumaku kubwa na kupozwa kupita baridi yoyote ya asili iliyopo duniani. Tatizo ni kwamba uzito wa aksioni haujulikani, kwa hivyo masafa ya wimbi lake hayajulikani pia. Watafiti wamekuwa kama mtu azungushaye kitufe cha redio polepole akitafuta stesheni asiyojua iko wapi, na ambayo sauti yake ni hafifu kuliko mchakarisho wa redio yenyewe.

Mwaka 2018 ADMX ilitangaza kwamba usikivu wake umefikia kiwango cha kuweza kunasa aksioni za nadharia mojawapo kuu, kwenye masafa ya megahezi 650 hivi. Hakikusikika kitu. Kimya hicho si hasara, maana kila masafa yaliyopekuliwa huondolewa katika orodha.

Tahadhari ni muhimu. Mwaka 2020 jaribio la XENON1T nchini Italia lilinasa ishara iliyodhaniwa huenda ni aksioni kutoka kwa jua. Mwaka 2022 chombo kilichofuata, chenye uwezo mkubwa zaidi, hakikuiona tena. Aidha, wapo wataalamu wachache wanaoshikilia kwamba hakuna maada ya giza hata kidogo, bali ni kanuni ya mvutano inayohitaji kurekebishwa.

Aksioni ikipatikana, chembe moja itakuwa imefumbua mafumbo mawili, la neutroni na la galaksi. Isipopatikana, itabidi jibu litafutwe kwingine. Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza. Kwa sasa, sehemu tano kati ya sita za maada ya ulimwengu zingali katika kiza hicho.