Je, Wajua? Siku Moja Udzungwa

Kilimanjaro unaijua. Mikumi nayo imepigwa picha mpaka twiga wake wamezoea kupozi. Sasa ukifika Mikumi mjini, iache barabara ya Iringa, kata kushoto uelekee Ifakara. Kilomita 60 hivi mbele yako ni Mang'ula, kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Foleni ya magari ya watalii? Hakuna. Sogea nikuambie kwa nini.

Je, wajua kuwa ndani ya hifadhi hii hakuna barabara ya gari? Ina kilomita za mraba 1,990, na utakazoziona ni zile zitakazofikiwa na miguu yako. Waziri, mwanafunzi, bwana harusi: wakishavuka geti, wote ni watembea kwa miguu.

Je, wajua kuwa maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170? Chukua jengo la ghorofa 50, limwagie mto juu yake, ndiyo hayo. Unapanda asubuhi na mwongozaji wako, unajitosa kwenye bwawa huko huko mlimani, unageuka kulitazama bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa, na jioni uko Mang'ula unakula wali. Beba nguo za kubadili. Watu husahau, halafu wanashuka wakitetemeka.

Halafu nikuulize: kati ya Udzungwa na Kilimanjaro, mkubwa nani? Kwa kimo, usibishe, Kilimanjaro. Kilele cha Luhombero kinaishia kwenye mita 2,500 na ushee. Lakini kwa umri! Kilimanjaro haijatimiza hata miaka milioni 3. Misitu ya milima hii ya Tao la Mashariki inakadiriwa kuwa na miaka milioni 30. Shikamoo, Udzungwa.

Na msitu wenyewe haukatiki. Unaanzia kwenye mita 250 hivi kutoka usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000, miti kwa miti. Afrika Mashariki utatafuta sana kuona kitu kama hicho.

Umewahi kumtazama mbega vizuri mkononi? Mtazame. Hana kidole gumba! Kimebaki kinundu tu, na bado anaruka mti hadi mti bila kukosea. Hapa yupo mbega mwekundu wa Iringa, na makazi yake ni Tanzania tu.

Sasa kaa sawa, maana nakuja na mwenyeji mwenyewe. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia mlio wa ajabu msituni. Mwongozaji wao hakushtuka: huyo ni ng'olaga, akawaambia. Wao ndiyo kwanza wanamsikia. Vitabu vyote vya sayansi havikuwa na habari zake! Leo anaitwa kima wa Sanje, na duniani kote hapatikani nje ya milima hii.

Kima mwingine, kipunji, alitambuliwa na timu mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja, kila moja ikidhani iko peke yake. Moja ilikuwa Mlima Rungwe mwaka 2003, nyingine msitu wa Ndundulu hapa Udzungwa mwaka 2004. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Mara ya mwisho kima wa Afrika kupewa heshima hiyo ilikuwa 1923!

Lakini ninayempenda kuliko wote ni kwale. Je, wajua kuwa kwale wa Udzungwa aligunduliwa kwenye sufuria? Mwaka 1991 watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini, chakula kikachemka, na mle ndani ikaonekana miguu ya ndege wasiyemfahamu. Umesikia vizuri: sayansi ilikutana naye akiwa mchuzi. Walipompata mzima na kumchunguza wakashangaa tena, maana ndugu zake wa karibu wako Asia. Amefikaje huku? Mimi bado niko kwenye sufuria.

Sange je? Yule mwenye pua ndefu inayochezacheza, anayefanana na panya. Wa Udzungwa ana sura ya kijivu na uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote, na alitangazwa mwaka 2008 tu. Na panya si ndugu yake! Ukoo wake ni wa tembo, nguva, pimbi na muhanga.

Nje ya hifadhi, kwenye milima hii hii, kuna korongo la Kihansi. Je, wajua chura wake? Hafiki sentimita 3, hatagi mayai, anazaa watoto kamili, na nchi yake nzima ilikuwa hekta 2 za manyunyu ya maporomoko. Aligunduliwa mwaka 1996. Bwawa la umeme likachukua maji, manyunyu yakapungua, na ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, kwa ajili ya chura! Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hayupo tena. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudi Dar es Salaam kwa ndege, na 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi. Wangapi mtaani kwenu wamekwenda Marekani na kurudi?

La mwisho, maana naona umeshaanza kutafuta viatu. Minde ni mnyama wa jamii ya funo, mzito kufikia kilo 50 na zaidi, anaishi Tanzania peke yake, na Udzungwa ni ngome yake. Picha yake ya kwanza porini ilipigwa mwaka 2003, tena na kamera iliyotegwa msituni. Simu yako ina chaji?