Mchestinati wa Marekani: Mti Uliobaki Mizizini

Mchestinati wa Marekani, Castanea dentata kwa jina la kisayansi, ulitawala misitu ya mashariki mwa nchi hiyo tangu Maine hadi Georgia na Alabama. Katika baadhi ya maeneo ya milima ya Appalachia, takribani mti mmoja kati ya kila minne ulikuwa mchestinati. Mbao zake hazikuoza upesi, kwa hiyo ndizo zilizokuwa nguzo za nyaya, mataruma ya reli na nyua za mashamba, na tanini yake ilitengeneza ngozi viwandani. Mti huu huchanua mwanzoni mwa kiangazi, wakati jalidi imekwisha kupita, ndiyo maana ulizaa karibu kila mwaka, tofauti na mwaloni unaozaa kwa msimu na kupumzika. Watu wa milimani walizijaza chestinati, yaani kokwa zake, kwenye magunia wakaziuza mjini, na nguruwe wao walinenepa kwa zilizosalia chini.

Mwaka 1904, Hermann Merkel, aliyekuwa msimamizi wa miti katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, aliona michestinati ikikauka. Chanzo kilikuwa kuvu iitwayo sasa Cryphonectria parasitica, ambayo asili yake ni Asia na ambayo yaelekea iliingia na miche ya michestinati ya Kijapani iliyoagizwa kwa vitalu. Michestinati ya China na Japani imeishi na kuvu hii tangu zama za kale na imejifunza kuivumilia. Ule wa Marekani haukuwa umewahi kukutana nayo. Jimbo la Pennsylvania liliunda tume mwaka 1911 ili kuzuia maradhi, miti ikakatwa kwa wingi, lakini mbegu za kuvu, yaani spora, hubebwa na upepo, mvua, wadudu na hata miguu ya ndege. Kufikia mwaka 1950 maradhi yalikuwa yameenea karibu eneo lote la mti huu, na miti iliyokufa hukadiriwa kuwa bilioni 3 hadi 4.

Kuvu huingia kupitia mchubuko kwenye gome, hata mdogo. Hutoa asidi ya oksali inayoua tishu hai chini ya gome, kisha huila. Gome huvimba au kubonyea, hupasuka, na juu yake hutokeza chembe za rangi ya chungwa zenye ukubwa wa kichwa cha pini. Donda likishalizunguka shina, majani yote ya juu yake hunyauka. Mizizi hata hivyo hubaki salama, kwa kuwa vijidudu vya udongoni huikandamiza kuvu. Kisiki huchipua, chipukizi hunenepa, gome lake huanza kupasuka, kuvu hurudi. Hadi leo kuna mamilioni ya mizizi inayorudia mzunguko huo msituni, mingi ikifa kabla ya kutoa ua hata moja. Uwezo huo wa udongo hutumika pia kwa tiba: matope yaliyochotwa chini ya mti hupakwa kwenye donda, hufungwa kwa plastiki, na donda hupona. Tatizo ni kwamba donda la pili hutokea tawi la juu, pasipofikika.

Michestinati ya Ulaya ilipata nafuu kwa njia nyingine. Maradhi yalionekana Italia mwaka 1938, lakini miaka ya 1950 madonda mengine yalianza kupona yenyewe. Ilibainika kwamba kuvu nayo ilikuwa inaugua virusi vinavyoidhoofisha. Virusi hivyo huhama kuvu moja ikiungana na nyingine ya aina inayopatana nayo. Nchini Marekani aina zisizopatana ni nyingi mno, na tiba hiyo haijasambaa vizuri.

Ndipo matumaini yakaelekezwa kwenye uzao. Taasisi ya American Chestnut Foundation iliundwa mwaka 1983 kwa mawazo ya Charles Burnham, mtaalamu wa urithi wa mahindi. Mchestinati wa Marekani ulichanganywa na wa China, kisha chotara akarudishwa kwa wa Marekani mara tatu, hata mti ukawa na wastani wa sehemu 15 kati ya 16 za Kimarekani. Kazi yenyewe ni ya mikono: maua hufunikwa mifuko ya karatasi yasije yakapata chavua isiyotakiwa, chavua iliyochaguliwa hupakwa, mifuko hurudishwa. Miche ikikua, gome hutobolewa tundu dogo, kipande cha kuvu hai hupachikwa, na baada ya miezi donda hupimwa kwa rula. Isiyostahimili hung'olewa. Burnham alidhani ustahimilivu hutegemea jeni mbili au tatu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha ni nyingi, kwa hiyo kila hatua ya kuurudisha mti kwenye Umarekani wake iliupunguzia pia kinga. Dhana yake ilikuwa ya busara kwa maarifa ya wakati wake, ila iligharimu miongo.

Katika chuo cha misitu cha Syracuse, New York, William Powell na Charles Maynard waliingiza jeni ya ngano inayozalisha kimeng'enya cha kuivunja asidi ya oksali. Kimeng'enya cha namna hiyo kimo pia katika shayiri na ndizi. Kuvu haiuawi, hunyang'anywa silaha. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 iligundulika kwamba miti ya mradi huo iliyojaribiwa kwa jina la Darling 58 kwa kweli ilikuwa ya ukoo mwingine, Darling 54, ambao jeni hiyo imekaa mahali pengine, na baadhi ilikua polepole na kustahimili kwa kiwango kisicho thabiti. Taasisi ya American Chestnut Foundation, iliyokuwa ikishiriki mradi huo, ikajitoa, chuo kikaendelea.

Siku hizi wazalishaji husoma jeni za mche kutoka kwenye jani lake, wakikadiria ustahimilivu bila kungoja miaka ya donda. Wanalazimika kutazama pia adui wa pili, Phytophthora cinnamomi, anayeozesha mizizi katika maeneo ya kusini yenye joto, kwa kuwa mti uliookolewa shina hauna faida ukioza chini. Machipukizi ya porini hupunguziwa kivuli ili yachanue na chavua yake ivunwe, maana kila kisiki cha eneo lake kina urithi ambao vitalu haviwezi kuubuni. Baadhi ya miche hupandwa kwenye machimbo ya zamani ya makaa ya mawe huko Appalachia, mahali ambapo udongo ulioshindiliwa na mashine hutifuliwa kwanza kwa jino refu la chuma, na mizizi michanga hupata nafasi ya kushuka kati ya mawe.