Kutu, Adui wa Chuma

Mmepata kuona jembe lililosahauliwa shambani wakati wa mvua? Mwenyewe akirudi hulikuta limekuwa jekundu, na akilikwangua hutoka unga. Unga huo ni kutu, nayo hufanywa na maji na hewa vikisaidiana. Penye chumvi, kama kando ya ziwa Singidani, huja upesi zaidi.

Jembe huweza kusuguliwa na kupakwa mafuta. Lakini bomba lililozikwa ardhini, nani ataliona? Jambo hili latuhusu, maana njia ya bomba kubwa la mafuta, litokalo Hoima katika Uganda hata Chongoleani karibu na Tanga, hupita katika mkoa wetu wa Singida. Urefu wake ni kilomita 1,443, na upana wa bomba ni inchi 24. Kutu ikitoboa tundu dogo tu, mafuta yaweza kuvuja na kuharibu mashamba na visima.

Basi bomba hulindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulivika nguo. Katika kiwanda cha Sojo, wilaya ya Nzega, vipande vya bomba hilo huvikwa tabaka nene la kuhifadhi joto, kwa kuwa mafuta yake huganda yakipoa, na juu yake gamba la plastiki la kuzuia maji.

Lakini nguo huchanika. Jiwe moja lenye ncha latosha. Hapo yatakiwa njia ya pili. Chuma kinapoliwa na kutu udongoni, umeme kidogo hutoka ndani yake na kuingia katika udongo wenye unyevu, na pale utokapo ndipo kinapolika. Mafundi huugeuza mwendo huo. Hufukia vipande vya madini mengine, kama zinki, na kuviunganisha na bomba kwa waya. Sasa umeme hutoka katika vipande hivyo, hupita udongoni, na kuingia bombani. Vipande huliwa, bomba husalia. Kwa bomba refu umeme huongezwa kwa mashine.

Elimu hii si ngeni: mwaka 1824 Mwingereza Humphry Davy aliilinda shaba ya merikebu kwa njia hiyo. Hata mabati ya nyumba zetu hupakwa zinki, iliwe kwanza.

Kando ya mabomba ya namna hii husimamishwa vigingi vyenye waya, ili mafundi waupime umeme. Ukikiona kigingi, usiukate waya wake. Kidogo hicho ndicho kilindacho kisima cha jirani yako.