Sirari: Gari bila injini bado ni gari

Wanunuzi wa Tarime na Mugumu wanaotamani Land Rover kuukuu zisizo na injini zilizoko Isebania wapige hesabu kabla ya kutoa fedha. Kwa kanuni za forodha, gari lisilokamilika lenye sifa kuu za gari hutozwa kama gari zima, si vyuma chakavu. Kutoka Kenya pia si msamaha: lililoundwa Uingereza si bidhaa ya Afrika Mashariki, hivyo ushuru wa asilimia 25 upo palepale, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu yake. Likizidi miaka 10, ushuru wa uchakavu nao huongezwa. Na injini bado hujanunua! Muuzaji asiye na kadi yenye namba ileile ya chesisi, mwachie gari lake.